Anzia Feri: Namna ya Kusoma Historia ya Ulaya na Dunia Ukiwa Dar es Salaam

Umechaguliwa kusoma historia chuo kikuu. Hongera, mdogo wangu. Muda si mrefu utakutana na kozi ya historia ya Ulaya ya kisasa, au ya dunia tangu karne ya 18. Orodha ya vitabu itakuwa ndefu. Majina yatakuwa Robespierre, Metternich, Bismarck. Waliokutangulia watakuambia kozi hiyo ni ya kukariri tu, ukipata desa zuri umepita. Usiwasikilize. Kozi hiyo ina mlango wake hapa mjini, na mlango wenyewe uko Magogoni.

Fanya hivi. Jumamosi moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, panda mwendokasi hadi kituo cha mwisho, Kivukoni. Beba daftari, kalamu na chupa ya maji. Vaa viatu vya kutembea. Simama Feri, pale pantoni inapopakia watu, bajaji na baiskeli kwenda Kigamboni, harufu ya soko la samaki ikikujia. Tazama mlango wa bandari. Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani dhidi ya Ujerumani, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja hapo nje na kuupiga mizinga mtambo wa redio wa Wajerumani. Mapigano ya Marne kule Ufaransa, ambayo vitabu vyako vitayapa sura nzima, yalikuwa bado karibu mwezi mzima kufika. Andika tarehe hiyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Ukitoka hapo utapita karibu na Ikulu. Simu ibaki mfukoni, maana Ikulu na bandari hazipigwi picha. Tumia macho. Mahali pale palikuwa na kasri la gavana wa Kijerumani. Mizinga ya Waingereza ikaliharibu katika vita hivyohivyo, na Waingereza haohao wakalijenga upya mwaka 1922. Mwaka huo ndio Ligi ya Mataifa ilipothibitisha kwamba Uingereza itaitawala Tanganyika kwa udhamini. Jengo moja, nawe umeshashika mwanzo na mwisho wa somo la Vita Kuu.

Endelea hadi Mtaa wa Samora, kwenye sanamu ya Askari. Watu wanapishana nayo kila siku bila kuitazama. Wewe izunguke. Ilizinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kabla yake mjini hapa palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza jeshi la Wajerumani kuwavunja wapiganaji wa Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Waingereza waliing'oa sanamu ya Wissmann wakaipeleka London. Miaka ya 1920 ikarudishwa Ujerumani na kusimikwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha moja kwa moja mwaka 1968. Hiyo ni historia ya Ulaya ya miaka ya 1960, vuguvugu la wanafunzi lenyewe, na uzi wake unaanzia Posta.

Malizia Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Ukipita Gerezani na Msimbazi katikati ya mikokoteni na mabelo ya mitumba, kumbuka kwamba vita tunavyosimuliwa kwa mahandaki ya Ufaransa, huku kwetu vilibebwa kichwani. Waliobeba walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Umeshatembea. Sasa kaa chini, agiza chai na chapati, uandae daftari.

Chukua kaunta buku. Kila unapofungua kurasa mbili, ya kushoto iwe ya Ulaya na dunia, ya kulia iwe ya kwetu. Mwaka uandike katikati. Kila mhadhara ukiisha, jaza kushoto. Usilale kabla hujatafuta cha kujaza kulia. Kushoto: Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885. Kulia: Carl Peters akizunguka Usagara na mikataba yake miezi hiyohiyo, na hati ya ulinzi ya Kaiser iliyotolewa siku moja baada ya mkutano kufungwa. Kushoto: mdororo wa uchumi wa 1929. Kulia: bei ya katani kuporomoka. Kushoto: Uingereza ya baada ya 1945, ina madeni na haina mafuta ya kupikia ya kutosha. Kulia: mpango wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30.

Daftari hili litakufaa kuliko desa lolote. Tukio lenye pande mbili halisahauliki kirahisi. Na ukurasa wa kulia ukibaki mtupu, hilo nalo ni swali la kwenda nalo semina.

Usikubali kuamini kwamba mambo hutoka kushoto kwenda kulia tu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ureno. FRELIMO, chama cha kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno, iliundwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Taasisi ya Msumbiji, iliyosomesha vijana wake, ilikuwa Kurasini. Kiongozi wa chama, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, mjini hapahapa, tarehe 3 Februari 1969. Vita havikukoma. Miaka ikaenda, na maofisa vijana wa jeshi la Ureno wakachoka kupigana Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau vita visivyo na mwisho. Tarehe 25 Aprili 1974 wakaipindua serikali yao wenyewe Lisbon. Udikteta uliodumu karibu nusu karne ukaanguka kwa siku moja.

Kwa hiyo ukipewa swali kuhusu demokrasia ya Ulaya Kusini, usianzie Lisbon. Anzia Kurasini. Mhadhiri akisahihisha insha nyingi zinazofanana, yako ataisoma mara mbili.

Sasa tuje kwenye insha, maana hapa ndipo wengi hupoteza alama. Kidato cha sita kilikufundisha kuandika sababu sita, kila moja na aya yake, mwisho hitimisho. Ulifaulu kwa njia hiyo. Chuo kikuu hainunuliki. Hapa unaulizwa sababu ipi ilikuwa na uzito, kwa nini hiyo, na kwa nini wakati ule.

Chukua swali la kawaida: je, ugomvi wa makoloni ulisababisha Vita Kuu ya Kwanza? Jibu la zamani lingeorodhesha ubeberu, miungano ya kijeshi, utaifa, mashindano ya silaha, mauaji ya Sarajevo, basi. Jibu lako lianze na tatizo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikaa mezani, zikamaliza mgogoro wao wa Afrika Mashariki kwa kalamu. Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Waliopigwa risasi na kunyongwa walikuwa watu wa pwani. Wakubwa wenyewe kwa wenyewe hawakupigana. Ikiwa makoloni yaliweza kugawanywa hivyo mwaka 1890, nini kilibadilika kufikia 1914?

Hapo umepata insha. Sasa kila unachokijua kina kazi: sheria za Ujerumani za kujenga manowari kuanzia 1898, maelewano ya Uingereza na Ufaransa ya 1904, ya Uingereza na Urusi ya 1907, vurugu za Balkani. Hesabu ya sababu haina tena maana, kwa kuwa unajibu swali moja.

Andika dai lako kwenye aya ya kwanza. Usilifiche hadi mwisho. Kisha mtafute mtu mwenye hoja ya kukupinga na umpe aya nzima, umtendee haki, halafu umjibu. Insha isiyo na mpinzani ni hotuba.

Kwenye kusoma, acha kuanza ukurasa wa kwanza na kulala ukurasa wa 12. Kitabu cha chuo kinasomwa kwa kukivamia. Soma utangulizi. Ruka hadi hitimisho. Kisha pitia vichwa vya sura, uchague mbili zinazohusu swali lako, uzisome kwa makini ukiwa na penseli. Ukimaliza, funga kitabu. Andika sentensi tatu za Kiswahili: mwandishi anadai nini, anathibitisha kwa nini, na wapi hukubaliani naye. Ukishindwa sentensi tatu, hujakielewa. Rudi.

Vitabu vya kuanzia usivikimbie kwa ukubwa wake. Eric Hobsbawm ana vinne vinavyofuatana, vinavyobeba dunia kuanzia 1789 hadi 1991. Anza na cha mwisho, Age of Extremes cha 1994, kwa sababu mambo yake yako karibu nawe. Walter Rodney alikiandika How Europe Underdeveloped Africa akifundisha Mlimani, na mwaka 1972 kikachapishwa London na hapa kwetu na Tanzania Publishing House. Kisome chote, halafu tafuta waliokikosoa. Kumheshimu Rodney ni kubishana naye. John Iliffe, A Modern History of Tanganyika cha 1979, kiwe rafiki wa ukurasa wa kulia wa daftari lako.

Bumu likichelewa, usikae unangoja. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, dakika chache kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Wauza vitabu vya mitumba wa Posta huwa na historia za Ulaya ambazo watu wamezitupa. Kagua mwaka wa kuchapishwa kabla hujalipa. Kitabu cha 1960 si kibaya, ila ujue kimeandikwa Vita Baridi vikiwa vimepamba moto. Majarida ya kitaaluma yatafute kupitia maktaba ya chuo, siyo kwa kununua makala moja moja.

Halafu nenda kwenye chanzo chenyewe. Watu wanaogopa hapa bila sababu. Mikataba mikubwa ipo mtandaoni bure. Chuo kikuu cha Yale kina mkusanyo wake uitwao Avalon. Fungua Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919. Kila mwanafunzi duniani hukimbilia kifungu cha 231, kile kilichoibebesha Ujerumani dhima ya hasara za vita. Wewe soma cha 119, Ujerumani inapoachia makoloni yake. Soma cha 22, kinachoeleza udhamini. Kisha shuka hadi 246.

Kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani iikabidhi Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Mkwawa. Naam, Mkwawa wetu wa Uhehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Jina lake limo ndani ya mkataba uliopanga upya ramani ya Ulaya. Miezi sita iligeuka miaka 35. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Jiulize: Uingereza ilitaka nini kwa kuliweka hilo mezani pale Versailles? Kwa nini lilichukua muda wote huo? Kwa nini 1954, mwaka TANU ilipoanzishwa? Swali hili peke yake linatosha kuwa tasnifu ya mwaka wa tatu, na sitaki likupite.

Nyaraka za Taifa zipo Upanga, mtaa wa Vijibweni. Omba barua ya utambulisho idarani mapema, maana saini huchukua siku. Nenda na kitambulisho na penseli. Anza na mafaili ya Waingereza, yanasomeka. Ya Wajerumani yapo pia, lakini mwandiko wao wa zamani unataka mazoezi. Ukiupenda utafiti huo, jiandikishe kozi ya Kijerumani sasa hivi, ukiwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu utakuwa umechelewa.

Na usidhani vyanzo vyote ni vya Kizungu. Selim bin Abakari, Mkomoro, alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, akaeleza kwa Kiswahili aliyoyaona. Maelezo hayo yalichapishwa 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Martin Kayamba alikwenda Uingereza mwaka 1931 na kuandika kitabu cha Kiswahili kuhusu safari hiyo. Shaaban Robert alivitungia Vita vya Pili vya Dunia utenzi mzima. Hawa ni mashahidi wa Ulaya kama alivyo shahidi mwandishi wa London. Wanukuu inavyotakiwa, kwa ukurasa na mwaka.

Mmoja zaidi, na huyu ningependa ajulikane Dar es Salaam nzima. Bayume Mohamed Husen alizaliwa mjini hapa mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 akaenda Berlin, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ukifika sura ya Unazi, usisome kama mtu anayetazama kwa mbali. Kijana wa Dar alikuwemo.

Lugha isikutishe. Mhadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, lakini kichwa chako hufikiri kwa Kiswahili. Kitumie. Msamiati tunao tangu zamani: ukabaila, ubepari, ubwanyenye, ubeberu, mapinduzi ya viwanda. Elewa jambo kwa Kiswahili kwanza, mweleze mwenzako, kisha ndipo uliandike kwa Kiingereza chepesi. Sentensi fupi zenye hoja zinaishinda ndefu iliyojaa maneno ya kuazima kwenye kamusi.

Chora ramani kwa mkono. Ulaya ya 1815, 1871, 1914, 1919, 1945 na 1991. Zisiwe nzuri, ziwe sahihi. Ukichora mara tatu utajua Poland ilipotea lini na ilirudi lini. Ukiwa na ramani ya 1945 mkononi, tafuta Tengeru, karibu na Arusha, ambako maelfu ya wakimbizi wa Kipoland waliishi wakati wa vita. Makaburi yao bado yapo.

Kikundi cha majadiliano kiwe cha watu wanne au watano. Zaidi ya hapo ni baraza. Mkikaa kimbweta, gawaneni pande kabla ya kuanza. Mmoja aitetee Ujerumani Magharibi ya mwaka 1965, ilipokata msaada wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar. Mwingine amtetee Nyerere, aliyewaambia waondoe na msaada wao uliobaki. Bishaneni dakika 30, kisha badilishaneni pande. Utavielewa Vita Baridi kuliko kwa kusoma slaidi 60.

Kuhusu programu za simu zinazokuandikia insha: zitumie kukuuliza maswali kama unataka, lakini kila tarehe na kila nukuu uihakikishe kwenye kitabu. Nukuu ya kubuni ikikamatwa, hiyo si sapu tena, ni kesi ya nidhamu.

Na wazee. Kariakoo, Gerezani na Ilala bado wapo wanaoukumbuka mji kabla ya Uhuru. Nenda na mtu wanayemfahamu. Amkia, keti, eleza unasoma nini, omba ruhusa kabla ya kurekodi. Usimuulize mzee kuhusu ubeberu. Muulize aliishi mtaa gani, alilipwa kiasi gani, redio ilisema nini. Ukitoka, andika siku hiyohiyo.

Mtihani wa mwisho wa muhula, UE, ukikaribia, funga vitabu siku mbili kabla. Rudi kwenye daftari la kurasa mbili, uchague tarehe kumi ambazo unaweza kuzieleza kushoto na kulia bila kutazama. Chukua maswali ya miaka iliyopita, na kila moja uandike aya ya kwanza tu, kwa dakika kumi. Ukimudu aya ya kwanza, zilizobaki hufuata.

Sasa toa kaunta buku. Piga mstari kati ya kurasa, weka 1914 katikati. Kushoto andika Marne. Kulia andika Feri, 8 Agosti. Na Jumamosi hii uende ukapaone.